Kiingereza cha Kidato cha Tano na Sita: Mwongozo Kamili, Kuanzia Wiki ya Kwanza hadi Chumba cha Mtihani

Wengi wanaoingia kidato cha tano kwenye tahasusi zenye Kiingereza, kama HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), huja na alama nzuri za kidato cha nne wakidhani somo litaendelea pale lilipoishia. Haliendelei. Kidato cha nne mtahiniwa anaweza kuokota alama nyingi kwa kujaza nafasi, kupanga sentensi na kuandika barua fupi. Kidato cha sita anakalishwa saa tatu mbele ya kurasa tupu, anajenga hoja kwa sentensi zake mwenyewe, kisha anakalishwa saa nyingine tatu kwa karatasi ya pili. Aliyezoea kukariri notsi hujikuta ana mengi ya kusema lakini hana sentensi za kuyasemea. Hapo ndipo alama zinapopotelea, na ndiyo sababu karibu kila hatua katika mwongozo huu inakurudisha kwenye kazi moja: kuandika sentensi yako, kuikosoa, na kuiandika upya.

Nyaraka tatu za kuwa nazo kabla ya lolote

Mitaala ya sekondari Tanzania imekuwa ikibadilika tangu 2023, kwa hiyo usirithi notsi za kaka au dada na kuamini kwamba mada na vitabu ni vilevile. Tafuta muhtasari wa somo unaotumika kwa mwaka wako kutoka Taasisi ya Elimu Tanzania, na fomati ya mtihani kutoka Baraza la Mitihani, NECTA. Fomati ndiyo inayoonyesha karatasi ina sehemu ngapi, sehemu ipi ni ya lazima, na kila swali lina alama ngapi. Nakili hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Nyaraka ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo ina thamani kuliko zote. NECTA huchapisha kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Humo kila swali la mwaka husika limechambuliwa: waliofanya vizuri walifanya nini, walioshindwa walikosea wapi, pamoja na picha za majibu halisi, mazuri na mabaya, kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Soma taarifa za miaka mitatu. Utaona malalamiko yaleyale yakijirudia: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini, alisimulia kitabu badala ya kujibu, sarufi ilimwangusha. Ni kama kupewa siri ya msahihishaji bure, na bado wengi hawajawahi kuifungua.

Pima ulipo

Wiki ya kwanza, kaa dakika 40 bila kamusi na bila simu. Andika maneno 350 juu ya mada yoyote ya kijamii, kwa mfano kama shule za bweni zinamfaa mwanafunzi wa leo. Siku inayofuata chukua kalamu nyekundu na uweke alama kwenye kila kosa, ukiliainisha kwa herufi: N kwa nyakati za vitenzi, A kwa "a", "an" na "the", H kwa vihusishi, U kwa upatanisho wa kiima na kitenzi, M kwa neno lisilofaa, T kwa tahajia, S kwa sentensi iliyovurugika. Mwombe mwalimu au mwenzako aliye mbele yako apitie tena, kwa sababu makosa uliyoyazoea huyaoni.

Kisha piga hesabu. Makosa 28 katika maneno 350 ni makosa 8 kwa kila maneno 100. Ukifika kwenye mtihani wa moko, yaani ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, uwe chini ya 2. Rudia kipimo hiki kila mwezi na uitunze karatasi. Ukiwa na makosa 11 ya H na 2 ya N, huna haja ya kurudia sura nzima ya nyakati kwa sababu tu ndiyo sura ya kwanza kitabuni.

Daftari la makosa

Makosa mengi ya Mswahili kwenye Kiingereza si ya uvivu. Ni Kiswahili sahihi kilichovaa maneno ya Kiingereza. Tazama aya hii fupi, ya aina inayokutwa kwenye madaftari mengi:

"Although the government has built many schools last year, but most of them they have no enough teachers. The books which students use them are few, so they cannot be able to do the exercises."

Kila kosa hapo lina mzazi wake. "Although" na "but" zimekaa pamoja kwa sababu sisi husema "ingawa… lakini…", na kwetu ni sawa kabisa; Kiingereza kinataka moja tu. "Has built… last year" imetoka kwenye "imejenga mwaka jana": kiambishi -me- hakigombani na "mwaka jana", lakini "has built" haiwezi kukaa na wakati uliopita uliotajwa. Ukishataja "yesterday", "last year" au "in 2019", kitenzi ni "built". "Most of them they" imetoka kwenye kiambishi cha kiima ambacho Kiswahili hukilazimisha hata nomino ikiwa imeshatajwa: shule nyingi zina, vitabu vi-, walimu wa-. "Which students use them" ni "vitabu ambavyo wanafunzi wanavitumia": yule -vi- wa kati amegeuka "them". Na "cannot be able" ni kuweza mara mbili. Iliyobaki ni "no enough": "no" hutangulia nomino, lakini "enough" hukanushwa kwa "not".

Ikisafishwa inakuwa hivi:

"Although the government built many schools last year, most of them do not have enough teachers. The books which students use are few, so they cannot do the exercises."

Sasa jenga daftari lako kwa mtindo huohuo. Gawa ukurasa safu tatu: sentensi yako yenye kosa, sentensi iliyosahihishwa, na sababu ya kosa kwa maneno yako, kwa Kiswahili ukipenda. Chini yake andika sentensi tatu mpya zinazotumia kanuni hiyo. Safu ya tatu ndiyo inayofundisha. Anayeandika marekebisho tu bila sababu atarudia kosa wiki ijayo, kwa kuwa amebadilisha neno na kuacha mazoea yaliyolizaa.

Makosa mengine ya ukoo huo ya kuwinda mapema: "We won them two–one", kwa sababu "kushinda" kwetu ni kushinda mechi na kumshinda mtu, ilhali Kiingereza husema "win a match" lakini "beat a team". "Borrow me your pen", kwa sababu "kuazima" huenda pande zote mbili. Anayetoa "lends", anayepokea "borrows". "I am hearing cold", kutoka "nasikia baridi". "A long man", kwa kuwa "-refu" ni mtu, barabara na kisima, wakati Kiingereza kina "tall", "long" na "deep". "Discuss about", "emphasise on" na "request for" kama vitenzi: vyote vitatu havitaki kihusishi, "we discussed the matter" inatosha. Na "he" kwa mwanamke, ambalo hutokea hata kwa wazungumzaji wazuri kwa sababu "yeye" wetu habagui jinsia.

Kuhusu "a" na "the", Kiswahili hakina kitu cha kufananisha, kwa hiyo usitegemee sikio. Jiulize maswali matatu kwa kila nomino. Inahesabika? Ni moja? Msomaji anajua ni ipi hasa? Nomino inayohesabika ikiwa moja haikai uchi kamwe: "I bought book" haipo. Ikitajwa mara ya kwanza ni "a book", ikirudi ni "the book". Zisizohesabika hazichukui "a" wala "-s": "advice", "information", "furniture", "equipment", "evidence", "research", "knowledge". Ukiandika "informations" na "advices" kwenye aya ya kwanza, msahihishaji ameshakuweka kwenye kundi kabla hajafika kwenye hoja.

Msamiati: familia na marafiki wa neno

Kukariri orodha ya maneno magumu na maana zake kwa Kiswahili kunazaa sentensi za ajabu. Neno la ngazi hii lijulikane kwa mambo manne: maana, familia, marafiki, na mahali linapofaa.

Familia ni maneno yaliyotoka shina moja. Ukikutana na "analyse", andika na "analysis", "analyst", "analytical" na "analytically", na uweke alama ya mkazo: "ANalyse" lakini "aNALysis". Hapo unapata vitu viwili kwa pamoja, kwa sababu mada ya uundaji wa maneno inataka ujue mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana, zilizo huru na zilizo tegemezi, na tofauti ya kiambishi kinachobadilisha aina ya neno na kile kinachobadilisha umbo tu. "Teach" kuwa "teacher" ni neno jipya; "teach" kuwa "teaches" ni neno lilelile. Katika mada hiyo usitoe mifano ya kitabu kimoja ambayo darasa zima litaitoa. "Smog" ni "smoke" na "fog" zilizogongana; "lab" ni "laboratory" iliyokatwa; kitenzi "edit" kilitolewa kwenye "editor", kinyume na mtu anavyodhani; na "safari" Kiingereza kilikopa kwetu, baada ya sisi wenyewe kulipata kwenye Kiarabu.

Marafiki ni maneno yanayotembea pamoja. Sisi hupiga picha, hupiga pasi, hupiga simu na hupiga mswaki, na mgeni anayetafsiri kwa "hit" atachekesha. Kiingereza nacho kina yake: "make a mistake" si "do a mistake", "heavy rain" si "big rain", "commit a crime", "pay attention", "reach a decision". Kwa hiyo usiandike "decision = uamuzi" peke yake. Andika "reach a decision, make a decision, a difficult decision".

Uanze na maneno gani? Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani zote. Orodha hiyo hugusa karibu neno 1 kati ya 10 katika maandishi ya aina hiyo, na inapatikana bure kwenye intaneti. Ni mtaji bora kuliko kufukuza maneno adimu ya kuringia. Maneno 6 mapya kwa siku, siku 5 za wiki, kwa wiki 60 za masomo ni maneno 1,800. Yaandike kwenye vikadi vya karatasi ngumu, neno upande mmoja, upande wa pili maana kwa Kiingereza na sentensi yako. Yarudie baada ya siku 1, siku 3, wiki 1 na wiki 3. Neno lililokushinda linarudi mwanzo wa mzunguko.

Tumia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa wanafunzi. Jifunze alama zake: C kwa nomino inayohesabika, U kwa isiyohesabika, T kwa kitenzi kinachodai yambwa, I kwa kisichodai. Mwenye kuzisoma alama hizo hawezi kuandika "equipments". Shika pia tahajia ya Uingereza, ndiyo ya shule zetu: "colour", "centre", "organise". Simu nyingi husahihisha kwa Kimarekani kimyakimya, na insha iliyochanganya "colour" na "center" inaonekana imeokotwa huku na kule.

Kusoma kwa namna mbili

Kusoma kwingi na kusoma kwa kina ni kazi mbili, na kuzichanganya kunaua zote. Kwenye kusoma kwingi unafuata kisa bila kusimama. Chagua kitabu kwa kipimo hiki: fungua ukurasa wowote, hesabu maneno 100, na ukikuta zaidi ya maneno 5 usiyoyajua, kitabu hicho kiache kwa sasa. Si aibu kuanza na vitabu vyepesi. Aibu ni kubeba riwaya nzito muhula mzima ukiwa ukurasa wa 20.

Hesabu ya muda hutia moyo. Riwaya ya maneno 80,000, kwa kasi ya maneno 160 kwa dakika, inahitaji dakika 500. Dakika 20 kila siku, inaisha kwa siku 25.

Kusoma kwa kina ni aya mbili au tatu tu, kutoka tahariri ya gazeti la Kiingereza au kitabu cha darasani, kwa dakika 30. Kila sentensi ndefu itafutie kitenzi kikuu na kiima chake. Pigia mstari maneno ya kuunganisha na ujiulize yanaunganisha nini na nini. Mwishoni funga kitabu na uandike hoja ya aya kwa sentensi moja. Zoezi hilo dogo ndilo linalojenga uwezo wa kuandika muhtasari, na mtu akilifanya mara mbili kwa wiki, maswali ya ufahamu hayamsumbui tena. Kwenye muhtasari wenyewe makosa ni machache na yanajulikana: kunakili sentensi nzima za kifungu, kubakiza mifano na takwimu ambazo hazikuombwa, kuongeza maoni yako, na kuvuka idadi ya maneno. Ukiambiwa maneno 120, andika kati ya 110 na 120, na uandike idadi chini.

Insha

Soma kwanza neno la amri, maana hapo ndipo insha nyingi hufia. "Discuss" inataka pande za jambo na msimamo wako. "Justify" inataka utetee kauli uliyopewa kwa ushahidi, si kuipinga. "Account for" inataka sababu, na wanaoifasiri kuwa "eleza" huishia kutoa maelezo ya jambo bila kusema kwa nini limetokea. "To what extent" inataka kiwango: kubwa kiasi gani, na wapi kauli inaishia kuwa kweli. Jibu lisilogusa upande wa pili wa "to what extent" limejibu nusu ya swali.

Tumia dakika 5 kupanga. Andika msimamo wako kwa sentensi moja, kisha hoja nne kwa maneno mawili matatu kila moja, na mbele ya kila hoja mfano mmoja halisi. Hoja isiyo na mfano ifute hapohapo. Panga ile yenye nguvu zaidi mwanzoni au mwishoni, si katikati. Kwa insha ya maneno 450, utangulizi uwe maneno 50 hadi 60, aya nne za maneno 80 hadi 90 kila moja, na hitimisho la maneno 40 hivi.

Utangulizi wa kukariri unatambulika kwa mstari wa kwanza. "Nowadays in our modern world" haisemi kitu. Anza na suala lenyewe, halafu msimamo wako. Viunganishi navyo vinatumiwa vibaya sana: "moreover" mwanzoni mwa kila aya, "on the other hand" pasipo upande wa pili, "therefore" pale ambapo kilichotangulia hakizai kinachofuata. Kiunganishi kitafute pale tu ambapo msomaji angepotea bila hicho.

Kiwango ni insha moja kila wiki. Kazi inayobadilisha mwandishi huja baada ya kusahihishwa: ndani ya siku mbili, iandike upya yote, na makosa yaende kwenye daftari. Insha 10 zilizoandikwa mara mbili zina faida kuliko 20 zilizotupwa kwenye begi baada ya kuona alama. Darasa likiwa na wanafunzi 80, mwalimu hawezi kusahihisha kurasa tatu za kila mmoja kila wiki, naye ni binadamu. Mpelekee aya moja tu, ile inayokutatiza. Zilizobaki mbadilishane kwenye kikundi cha watu watatu, kila mmoja akitafuta aina moja ya kosa: mmoja nyakati, mmoja "a" na "the" pamoja na vihusishi, mmoja mpangilio wa hoja.

Fasihi: acha kusimulia

Kila kitabu teule kisomwe mara tatu. Mara ya kwanza kwa kisa tu. Mara ya pili ukiwa na karatasi: kila mhusika na anachotaka, kila dhamira na namba ya ukurasa inapojitokeza. Mara ya tatu pitia kurasa ulizoziwekea alama peke yake. Kwa kuwa maswali mengi huomba vitabu viwili, chora jedwali lenye dhamira kushuka chini na vitabu kwenda upande, na kila chumba ujaze tukio moja na nukuu fupi ya maneno 5 hadi 8. Nukuu ndefu hazikaririki, na ukiikosea moja unapoteza zaidi ya ulichopata.

Tofauti ya kusimulia na kujibu ionekane kwenye hadithi inayojulikana na kila mtu, ile ya fisi na njia panda. Tuseme swali ni kama tamaa humwangamiza mwenye nayo. Jibu dhaifu litaanza: "In the story there was a hyena. One day he was very hungry. He went to look for food and he reached a place with two roads." Maneno 27 yamekwenda na hakuna hata moja lililogusa swali. Linganisha na hili:

"Greed makes the hyena lose a meal he could easily have had. When he smells meat from both roads, he refuses to choose: he puts his left legs on one road and his right legs on the other, and walks until he splits. No enemy attacks him and no trap is set for him. His own appetite kills him, which is why the tale warns us against greed rather than against danger."

Sentensi ya kwanza ni hoja, na imebeba neno la swali. Ya pili ni ushahidi, umebanwa kwenye tukio moja. Ya tatu na ya nne ndizo zinazoleta alama za juu: zinaeleza kwa nini tukio hilo linathibitisha hoja hii na si nyingine. Vitenzi vinavyosimulia tukio viko wakati uliopo, kama ilivyo desturi ya kuandika juu ya kazi ya fasihi kwa Kiingereza. Ukianza na "smells", usiruke kwenda "put" ya jana. Zoezi zuri ni kuchukua aya yako ya zamani, kuweka nambari 1 kwenye hoja, 2 kwenye ushahidi, 3 kwenye maelezo. Wengi hukuta wameandika 2, 2, 2, 2.

Kwenye ushairi usianze na orodha ya tamathali za semi. Anza na nani anasema, anamwambia nani, na hali yake inabadilika kwenye mstari gani. Baada ya hapo kila tamathali utakayoitaja useme inafanya kazi gani. "The poet uses simile" pekee haina alama.

Kusema

Mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima. Kiingereza hakina utulivu huo, na mkazo ukikosewa msikilizaji hupotea kuliko sauti moja ikikosewa. Tabia yetu hutusaidia kwenye maneno ya "-tion" na "-ic": "eduCAtion", "ecoNOmic", mkazo umeangukia palepale tulipouzoea. Hutuangusha kwenye "-ity" na "-logy", ambapo husogea nyuma hatua moja: "aBIlity", "biOlogy". Na huko "COMfortable" na "CATegory" tusipoangalia tunavuta kuelekea mwisho. Baadhi ya maneno hubadilisha mkazo yakibadilika aina: "REcord" ni nomino, "reCORD" ni kitenzi.

Njia ya mazoezi ni hotuba ya dakika 2 mbele ya mwenzako, kila jioni kabla ya prepu, mada ikichaguliwa kwa kura. Msikilizaji anaandika makosa matatu tu, akiyasema baada ya hotuba, si katikati. Likizo ukiwa na simu, jirekodi na ujisikilize, kisha sikiliza vipindi vifupi vya BBC Learning English na urudie sentensi moja moja kwa mwendo wa mtangazaji. Adhabu kwa aliyeongea Kiswahili haifundishi mtu Kiingereza, humfundisha kunyamaza. Nusu saa ya Kiingereza iliyokubaliwa na bweni zima hufanya kazi zaidi.

Miezi ya mwisho

Kuanzia moko, kila wiki fanya karatasi moja nzima ya mtihani uliopita kwa saa tatu kamili, mezani, kwa kalamu. Mtihani wa kidato cha sita kwa kawaida huwa Mei, na mkono usiozoea kuandika saa tatu huchoka kwenye swali la mwisho, mwandiko ukaharibika. Hesabu ya muda ni hii: dakika 180, ukitoa 10 za kusoma na kuchagua maswali na 10 za kuhakiki, zimebaki 160. Kwa karatasi ya alama 100, kila alama ina dakika 1.6. Swali la alama 20 lina dakika 32, la alama 15 lina dakika 24. Andika saa ya kumalizia pembeni ya kila swali, na ikifika, acha nafasi ya mistari mitano na uende mbele. Aya moja ya swali jipya huleta alama nyingi kuliko aya ya tano ya swali la zamani.

Zile dakika 10 za mwisho usisome karatasi kuanzia juu kwenda chini, kwa sababu utasoma ulichokusudia badala ya ulichoandika. Anza na sentensi ya mwisho ya kila jibu na upande kwenda juu. Mzunguko wa kwanza tafuta vitenzi tu: "-s" ya "he" na "she", na "has" au "have" iliyokaa karibu na wakati uliotajwa. Mzunguko wa pili tafuta kosa lako mwenyewe, lile ambalo daftari limekuonyesha kwa miaka miwili kwamba huliandika ukiwa umechoka. Likate kwa mstari mmoja, andika sahihi juu yake, kisha hakikisha nambari za maswali zimeandikwa kabla msimamizi hajasema wekeni kalamu chini.